Tanga hadi Mtae kwa baiskeli: sproketi mbili au tatu mbele?

Desemba mimi na shemeji yangu tulipanda baiskeli kutoka Tanga mpaka Mtae, kule juu kabisa Usambara ambako mlima unaisha ghafla na chini yake unaona nyika ya Mkomazi. Nimeiandika baada ya kurudi, kwa kufuata daftari langu na picha za simu. Wengi wanaotaka kununua baiskeli ya safari huulizana krenki ipi inafaa (krenki ni mikono ya pedali pamoja na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayovuta cheni mbele): ya sproketi mbili au ya sproketi tatu. Sisi tulikuwa nazo zote mbili, barabara moja, mizigo karibu sawa, kwa hiyo nina cha kusema.

Yangu ni mtumba kutoka Ulaya, fremu ya chuma, mbele ina sproketi tatu: 48, 36 na 26. Nyuma kaseti (seti ya sproketi za gurudumu la nyuma) ya gia tisa, meno 11 hadi 34. Ya shemeji ni mpya zaidi na nyepesi zaidi, mbele sproketi mbili, 50 na 34, nyuma gia kumi, 11 hadi 32. Tulifunga tairi za saizi moja, 700 kwa 38, na kila mmoja alibeba mabegi mawili ya pembeni kwenye keria, jumla karibu kilo 18 na maji yake.

Ijumaa: Tanga – Korogwe

Tulitoka saa 11 alfajiri kukwepa malori. Mpaka Pongwe giza lilikuwa limeshaisha. Muheza tulisimama kunywa chai ya maziwa, maandazi mawili mawili, jumla 2,000 kwa watu wawili. Embe zilikuwa zimejaa kando ya barabara, na mama muuzaji alipoona mizigo yetu alikataa kutuuzia ndoo. "Mtazibeba wapi, wanangu?" Akatuchagulia nne zilizoiva, akazimenya palepale, akapokea 1,000.

Kutoka hapo ni mashamba ya katani na vilima vifupi vifupi, unapanda dakika tatu, unashuka dakika moja. Nilikuwa nimetegemea kwamba barabara ya namna hii ingekuwa ya shemeji, kwa sababu krenki ya mbili, yaani ya sproketi mbili, inasifiwa kwa wepesi na kwa kuhamisha cheni bila kelele. Kuhamisha kweli ilihamisha vizuri. Lakini kila kilima kilimlazimisha kushuka kutoka 50 kwenda 34, hatua ya meno 16 kwa mpigo mmoja. Miguu inabaki inazunguka hewani, inabidi arudishe gia mbili nyuma ili apate uzito aliouacha, na juu ya kilima ayafanye hayohayo kinyume. Mimi nilikaa kwenye 36, ile ya kati, karibu siku nzima. Kilima kikija nabadilisha nyuma tu. Sproketi ya kati inafaa mno kwa nchi yenye mawimbi kama hii, na watu wanaoifuta krenki ya tatu (ya sproketi tatu) kwa sababu ya ile ndogo au kwa sababu ya uzito huwa hawaizungumzii kabisa hii ya katikati.

Segera joto lilikuwa kali, tukalala chini ya mwembe mpaka saa 9. Korogwe tuliingia jioni. Gesti 20,000 chumba cha vitanda viwili, baiskeli zikaingizwa ndani bila maneno. Wali, maharage na mchicha, 3,000 sahani.

*Kwa atakayefuata:* hesabu ya gia ni rahisi na inafaa uifanye nyumbani kabla ya kununua chochote. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Gurudumu la 700 lenye tairi ya 38 linazunguka karibu mita 2.2. Gia yangu nyepesi kuliko zote, 26 kwa 34, inanisogeza mita 1.7 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Ya shemeji, 34 kwa 32, inamsogeza mita 2.3. Andika namba hizo mbili mahali, maana mlimani ndizo zilizoamua kila kitu.

Jumamosi: Korogwe – Mombo

Kama kilomita 40 tu, tambarare, Usambara ikiwa imesimama mkono wa kulia kama ukuta. Tungeweza kuanza kupanda mchana uleule, lakini Mombo saa 6 mchana Desemba si mahali pa kuanzia mlima. Tulipumzika.

Jirani na stendi kulikuwa na fundi wa baiskeli chini ya turubai, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akaacha kazi yake akazizunguka baiskeli zetu polepole. Yangu aliielewa mara moja. Aliishika krenki akaitikisa kushoto na kulia kusikiliza kama ekseli ina nafasi, akasema gololi zake bado nzima. Ekseli yangu ni ile ya ncha ya pembe nne, na kwenye kopo lake la vipuri alikuwa nazo mbili za namna hiyo, zilizong'olewa kwenye mitumba. Ya shemeji, yenye ekseli nene iliyo wazi katikati na beringi za nje ya fremu, aliitazama kwa heshima kisha akasema ukweli: "Hii ikigoma hapa, mwanangu, utapanda basi."

Nililiandika neno lake daftarini usiku uleule, kwa sababu ni sehemu ya uamuzi ambayo haionekani dukani. Tangu mwaka 2019 viwanda vikubwa vimekuwa vikiacha krenki za tatu kwenye vifaa vyao vya bei ya juu. Shimano Deore XT ya mwaka huo ilitoka bila ya tatu, wakati toleo la kabla yake, la 2015, lilikuwa nayo. Kwa hiyo dukani Ulaya mbili, au hata moja, ndiyo kawaida. Lakini mitumba inayoshushwa kwetu ni ya miaka iliyopita, na hiyo imejaa krenki za tatu za pembe nne. Kipuri kilichopo Mombo ni bora kuliko kipuri bora kilichopo Munich.

Pembeni ya turubai kijana mmoja alikuwa ameegesha baiskeli ya Phoenix iliyobeba magunia mawili ya mkaa. Nikamwomba nihesabu meno. Mbele 48, nyuma 20, gia moja tu maisha yake yote. Ukigawanya unapata 2.4. Kwenye yangu uwiano huohuo unapatikana mara mbili, 48 kwa 20 na 36 kwa 15, na 26 kwa 11 inakaribia hapohapo. Hapo ndipo unaelewa kwamba krenki ya tatu yenye kaseti ya tisa haina gia 27 kweli. Nyingi zinarudiana, na zile za cheni iliyokaa mshazari, kubwa kwa kubwa au ndogo kwa ndogo, hazifai kutumiwa. Ninazotumia mimi hazifiki 15. Anayenunua ya tatu kwa kupenda hesabu ya gia amepotea njia. Thamani yake iko kwenye gia nne za chini kabisa. Kijana alisema yeye Lushoto haendi kwa baiskeli, anaishia hapa chini.

Jumapili: Mombo – Lushoto

Kilomita 33 za lami, kutoka joto la nyika mpaka mji ulio kwenye mita kama 1,400. Tulianza saa 12 na robo asubuhi. Barabara inaingia korongoni mara tu baada ya kuliacha soko, ukuta wa jiwe upande mmoja, mto chini upande wa pili, kona baada ya kona. Ni nyembamba. Mabasi yanapiga honi kabla ya kila kona, nawe ukiisikia sogea pembeni kabisa, usisubiri kuliona basi.

Mlima huu si mkali kupita kiasi. Kinachouma ni kwamba haukuachii. Mpaka Soni, ambapo ni kama katikati ya njia, hakuna mahali pa kupumzisha miguu kwa maana ya kweli. Na hapo ndipo namba zangu mbili zilipoanza kazi. Tulikuwa tunakwenda pamoja, kilomita 7 kwa saa kwa kipima mwendo changu cha usukani. Kwa kasi hiyo mimi nilizungusha pedali karibu mara 70 kwa dakika nikiwa 26 kwa 34. Shemeji, gia yake ya mwisho, alizungusha mara 50. Kasi moja, mlima mmoja, lakini kila mzunguko wake ulikuwa mzito zaidi kwa zaidi ya theluthi. Mtu akizungusha 50 kwa dakika akiwa na mzigo, kazi inahama kutoka kwenye pumzi inakwenda kwenye magoti na mgongo. Pumzi inarudi ukisimama dakika mbili. Goti halirudi.

Shemeji ana nguvu kuliko mimi, na bila mabegi hunipita popote. Saa moja ya kwanza hakulalamika. Ya pili alianza kusimama juu ya pedali kila kona, mabegi yanamyumbisha. Chini kidogo ya maporomoko ya Soni alishuka. "Shemeji, hii gia imeisha," akasema, akaanza kusukuma. Hakuwa amechoka sana. Alikuwa amekosa gia. Nilishuka nami tukasukuma pamoja mpaka mahali pa kuegemea.

Palikuwa na mama mmoja na binti yake wamepanga plamu kwenye vibakuli vya plastiki kuwasubiri abiria wa mabasi. Alituita. Tulipotaka kulipa kibakuli cha kwanza alipokea 1,000, cha pili akatumiminia kwenye kofia ya shemeji bila kusema bei. Alimwuliza shemeji kama goti limeteguka, akatuma binti alete maji ya baridi kutoka kwenye mfereji, akamwambia aloweshe kitambaa afunge. Tulikaa pale robo saa nzima. Mama alikuwa anataka kujua kwa nini mimi napanda nimekaa na shemeji anapanda amesimama, na nilipomwonyesha sproketi ndogo ya ndani, aliiinamia, akaigusa kwa kidole, grisi ikambaki, akacheka: "Kumbe ni hiki kidogo hiki!"

Soni tulikula chapati na supu, 4,000 kwa kila mmoja. Kutoka hapo mpaka Lushoto kuna vipande vya kupumua, na kwenye vipande hivyo 34 ya shemeji ilimtosha. Tuliingia mjini saa 7 mchana, hewa ya baridi, harufu ya mikaratusi. Gesti 25,000, maji ya moto kwa ndoo.

*Kwa atakayefuata:* usidhani unaweza kuitengeneza 50/34 kwa kununua sproketi ndogo zaidi tu. Bolti za krenki ile zimekaa kwenye duara la milimita 110, na sproketi ndogo kabisa inayoingia pale ni ya meno 33. Ndogo zaidi ingegongana na bolti. Krenki ya tatu ya kisasa ina duara mbili, 104 kwa zile mbili za nje na 64 kwa ile ya ndani, ndiyo maana ya ndani inaweza kushuka hadi 22. Hapo uangalie tu uwezo wa kihamisha cheni cha nyuma: jumlisha tofauti ya meno kati ya sproketi kubwa na ndogo mbele na tofauti kama hiyo nyuma. Kwangu ni 22 na 23, jumla 45, na hivi vyenye mkono mrefu vya baiskeli za milimani huishia hapohapo.

Jumatatu: Lushoto

Mapumziko. Soko, jibini na mkate Irente, mtazamo wa nyika kutoka juu ya jabali, kulala mapema.

Jumanne: Lushoto – Mtae

Usiku ilinyesha. Kupanda kwenda Magamba, msitu umefunga ukungu, nilikuwa kwenye 26 tangu mlango wa gesti. Shemeji alihamishia begi moja kwangu, wazo lake mwenyewe, na kwa kilo tisa pungufu akapanda mpaka juu bila kushuka. Hilo likumbukwe: wa krenki ya mbili anaweza kuununua mlima kwa kupunguza mzigo. Wenye baiskeli nyepesi wanaobeba hema dogo na nguo mbili hawahitaji hata kidogo hiki ninachokitetea hapa.

Baada ya Magamba tope likaanza, na hapo ikawa zamu ya krenki yangu kuonyesha ubaya wake. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa unashika kila kitu. Kwenye mwinuko mmoja kabla ya Lukozi, cheni badala ya kuachia chini ya sproketi ndogo iliendelea kung'ang'ania meno, ikapanda nayo juu, ikajikaba kati ya sproketi na fremu. Pedali zikagoma papo hapo. Niliichomoa kwa mikono, hatua hamsini ikajikaba tena. Ugonjwa huu ni wa sproketi ndogo hasa: meno machache, kila jino linavutwa kwa nguvu kubwa, linalika mapema, na likishalika linakuwa na ndoano inayokamata cheni yenye tope. Sproketi ya 34 ya shemeji, tope lilelile, haikukaba hata mara moja.

Lukozi ilikuwa siku ya watu wengi barabarani, kabeji na karoti zinapakiwa kwenye malori. Kijana mmoja wa bodaboda aliona mikono yangu akatupeleka kwa fundi, na njiani akatubebea mabegi yote manne kwenye pikipiki bila kutaka hela.

Fundi alikuwa na umri wa miaka kama 25. Aliigeuza baiskeli magurudumu juu, akamwaga mafuta ya taa kwenye kopo la rangi, akasugua cheni kwa mswaki mpaka ikang'aa. Kisha akazungusha sproketi ndogo polepole, akipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kila jino. Matano alisimama. Kwenye kila moja la hayo palikuwa na kijiukingo chembamba cha alumini kilichofinywa kikatokeza pembeni, huwezi kukiona, unakihisi tu. Akachukua tupa ndogo ya pembetatu, ile ya kunolea misumeno, akaondoa ukingo jino kwa jino, akirudi na ukucha kupima. Ilimchukua nusu saa. Alipomaliza alipaka mafuta ya cherehani tone moja kila pingili, akafuta yaliyozidi kwa kitambaa. Alisema 2,000. Tulimpa 5,000, akarudisha chenji, tukamwachia tyubu mpya ikabidi aichukue. Cheni haikukaba tena mpaka Mtae, tope likiwa lilelile.

Kutoka Lukozi barabara inafuata mgongo wa milima, inashuka, inapanda, mashamba ya viazi mpaka ukingoni. Mtae tulifika magharibi inaingia. Mji uko kwenye ulimi wa mwamba, pande mbili hakuna kitu isipokuwa hewa, na mbele milima ya Upare. Gesti 15,000. Mwenye gesti alitupa makaa ya kuota moto na chai ya mchaichai kabla hata ya kuandikisha majina.

*Kwa atakayefuata:* mabasi ya kurudi Lushoto huondoka Mtae alfajiri sana, ulizia jioni na uipakie baiskeli mwenyewe, upande wa cheni uwe juu. Sisi tulilipia 5,000 kwa kila baiskeli zaidi ya nauli.

Alhamisi: Lushoto – Mombo, kisha nyumbani

Ilikuwa mvua tena, tukapanda basi hadi Lushoto Jumatano, na Alhamisi tukashuka kwa magurudumu. Watu huogopa kwamba sproketi kubwa ya 48 au 46 itawaacha nyuma kwenye mteremko. Kwa 48 kwa 11, mizunguko 90 kwa dakika inakupa karibu kilomita 52 kwa saa. Kwa 46 ni karibu 50. Kushuka Mombo hatukupiga pedali kabisa, mikono ilikuwa kwenye breki, na mwenye mzigo barabara ya kona asitafute hata hizo 50. Sproketi kubwa ya krenki ndiyo inayojadiliwa zaidi na ndiyo inayotumika kidogo zaidi.

Tanga, shemeji alitaka kwanza kuweka ya tatu. Tumeliangalia kwa makini. Kishikio chake cha gia cha kushoto, kile kilichounganishwa na breki, kina hatua mbili tu, kwa hiyo ya tatu ingemlazimu kubadilisha kishikio na kihamisha cheni cha mbele pamoja na krenki, na gharama inapita thamani ya faida. Ameagiza krenki ya 46/30. Tofauti ya meno ni 16 ileile, kwa hiyo kihamisha cheni cha nyuma hakiguswi, cheni inapunguzwa kidogo tu, na kile cha mbele kinashushwa kama milimita 8 kwenye fremu. Gia yake ya mwisho itakuwa 30 kwa 32, mita 2.06 kwa mzunguko. Kwa kilomita 7 kwa saa atazungusha karibu 57 badala ya 50. Haifiki 70 yangu, lakini atakuwa amekaa.

Mimi nabaki na tatu. Kwa mzigo kamili, milima ya kwetu na mafundi wa kwetu, sijaona cha kunibadilisha. Sproketi ya 26 nimeitoa, nimeweka ya chuma badala ya alumini. Ni nzito zaidi kwa gramu chache, haifinyiki meno upesi, na kwenye kopo la vipuri la mtumba ilikuwa 8,000. Tupa ya pembetatu nayo sasa imo kwenye begi la zana, pamoja na mswaki.